Usimuulize "Unanikumbuka?"

Siku mpwa wangu aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, ukumbi wa dada yangu pale Nguvumali ulijaa tangu adhuhuri. Watu wa Tanga hatumwachi mgonjwa peke yake. Huyu kaleta machungwa ya Muheza, huyu maziwa, yule hana kitu kaja na dua. Na kila aliyeingia, akishamaliza salamu, aliinama mkekani, akamsogezea kijana uso na kumuuliza swali lile lile: "Unanikumbuka?"

Kijana akitabasamu tu. "Nakukumbuka sana," alimwambia jirani wa nyumba ya pili. "We! Nikusahau wewe?" alimwambia dereva mwenzake wa kijiweni. Mzee aliyemfundisha madrasa naye akapewa jibu hilo hilo. Watu wakatoka wakisema alhamdulillahi, mtoto kapona. Magharibi ilipoingia na wageni wameshaondoka, alimvuta mama yake kanga akamnong'oneza: "Mama, wale walikuwa nani?"

Nimeandika makala haya kwa sababu ya swali hilo la wageni. Nimelisikia tena katika nyumba nyingine mbili tangu siku ile, maana bodaboda hazijapungua na ajali hazijapungua. Mpwa wangu mwenyewe aligongana na gari dogo usiku wa mvua, kofia ngumu ikiwa imening'inia kwenye kiwiko. Nasi tuliokuwa tukimuuguza hatukujua lolote. Tulidhani kumbukumbu ni kitu kilichojificha kichwani, na mtu akiulizwa sana kitatoka. Tulikosea, na kosa lenyewe tulilifanya kwa mapenzi, ndiyo maana lilituchukua muda kuliacha.

Kwanza kichwa chenyewe. Ubongo ni laini, unaelea kwenye maji ndani ya fuvu, na fuvu kwa ndani halikulainishwa kote: nyuma ya paji la uso na pembeni usawa wa masikio kuna kingo za mfupa. Pikipiki inaposimama ghafla, kichwa husimama, ubongo ukaendelea na safari yake. Unajigonga, unajisugua, na nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu moja na nyingine hunyumbuka, nyingine hukatika. Ndiyo maana mtu anaweza kupigwa picha ya CT scan ikaonekana safi, damu hamna, mfupa haukuvunjika, na bado akawa hajui leo ni siku gani. Picha ile huonyesha vizuri damu na mfupa. Nyuzi zilizokatika mara nyingi hazionekani. Kwa hiyo msimwambie mgonjwa "picha haina kitu, unajitakia tu." Hajitakii.

Kwa wenzangu wa Tanga nitaeleza kwa mfano wa bandari yetu. Miaka mingi, kabla gati halijaongezewa kina, meli kubwa zilitia nanga mbali, na shehena ikashushwa kwenye matishari ndipo iletwe ghalani. Jambo linalokutokea leo nalo hukaa kwanza nje, melini. Kuna sehemu ndani ya ubongo iitwayo hipokampasi, moja kila upande, ndiyo inayofanya kazi ya matishari, kuleta mzigo taratibu mpaka ghalani. Ajali ikipiga, yaliyokuwa bado melini huzama. Ndiyo sababu mtu aliyeumia sana kichwani karibu kila mara hakumbuki dakika za mwisho kabla ya kugongwa, na hatazikumbuka kamwe: hazikufika ghala lolote. Mambo ya wiki au miezi ya karibuni huweza kupotea pia, ila hayo mengi hurudi, na aghalabu ya zamani hutangulia. Na kama matishari yenyewe yameharibika, mambo mapya hayaingii. Utamwambia jambo saa tatu, saa nne anauliza upya kana kwamba hujafungua kinywa. Vijana wa kijiweni wanasema "netiweki imekata," na si maneno mabaya.

Kuna kipindi cha mwanzo ambapo mgonjwa ameamka, anaongea, anakula, lakini siku hazishikani. Daktari wa Uingereza, Ritchie Russell, alionyesha mwaka 1932 kwamba urefu wa kipindi hicho unasema mengi juu ya ukubwa wa jeraha. Chini ya saa moja, ajali ilikuwa nyepesi. Kikipita siku moja, ni jeraha zito, na kikipita wiki, zito zaidi. Hesabu haianzii alipofumbua macho wala haimaliziki alipoanza kuongea. Inamalizika siku anapoweza kukueleza leo aliyoyafanya jana, kwa mfululizo. Basi mwuguzaji, andika tarehe ya siku hiyo. Daktari wa kliniki atakuuliza, na wewe peke yako ndiye uliyekuwepo.

Turudi kwa wageni. Swali la "unanikumbuka?" lina madhara mawili. La kwanza mmeliona: linamfundisha mgonjwa kujibaraguza. Mtu mzima hataki kuaibika mbele za watu, kwa hiyo atakubali kila kitu, na nyinyi mtaamini amepona wakati yuko gizani. La pili halionekani kwa macho. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Cambridge, Alan Baddeley na Barbara Wilson, walionyesha kwamba mtu aliyepoteza kumbukumbu hujifunza vizuri zaidi akizuiwa kubahatisha. Wewe na mimi tukikosea tunakumbuka kwamba tulikosea, tukasahihisha. Yeye akibahatisha "wewe ni Juma" na wewe si Juma, kinachobaki ni lile neno Juma alilolitamka. Kusahihishwa kwake kumeshapotea. Kesho atakuita Juma tena. Kumbe wewe ndiye uliyempandia kosa.

Kwa hiyo ukienda kumjulia hali, jitaje. "Mimi ni fulani, mke wa kaka yako mkubwa, tunakaa Makorora, nimekuletea ndizi." Basi. Usiseme "nani mimi?" huku ukicheka. Usimwambie "jaribu, jaribu kukumbuka." Muingie wawili au watatu kwa zamu, wengine wangoje barazani na kahawa yao, na zimeni televisheni. Kwetu tuliweka sheria hiyo siku ya tano, baadhi ya jamaa wakanuna. Shangazi mmoja alisema tunamficha mtoto. Alinuna wiki mbili, akarudi, na siku hiyo aliingia akajitaja jina kama mtu anayepiga hodi ofisini. Tukacheka sote, mgonjwa naye.

Na akikueleza jambo ambalo halikutokea, kwamba jana alikwenda Pongwe, ilhali hajatoka nje ya ua, usimwite mwongo. Ubongo hauvumilii tundu, huziba kwa chochote kilichopo. Mwambie kwa upole, "Jana ulikuwa hapa nyumbani, tulikula wali na samaki," kisha mpeleke kwenye jambo jingine. Mabishano hayajengi kumbukumbu, yanaongeza hasira tu, na hasira kwa mgonjwa wa kichwa zipo tayari za kutosha.

Hapa nisimame kidogo kwa jambo lililotuumiza kuliko yote. Bibi yake, mama yetu, alifariki miezi miwili kabla ya ajali. Mjukuu ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Sasa kila jioni alikuwa anauliza, "Bibi yuko wapi?" Siku za mwanzo dada yangu alimwambia ukweli, akalia kilio kipya, na kesho yake tena, na keshokutwa tena. Msiba ule ule ukazikwa mara saba. Ndipo jirani mmoja akashauri tumdanganye, tuseme bibi kasafiri kwenda Pangani. Tulifanya hivyo siku mbili. Ya tatu akataka kumfuata, akawa yuko mlangoni na viatu mkononi.

Kilichosaidia kilikuwa hiki. Tulichagua mtu mmoja wa kujibu, mama yake, na maneno yale yale kila siku, machache, kwa sauti ya kawaida: "Bibi alifariki. Ulikuwepo, ulimzika vizuri." Kisha papo hapo kazi ya mikono: njoo tuchambue mchele. Na siku moja alipokuwa na akili nyepesi tulimpa kalamu, akaandika mwenyewe katika daftari lake: "Bibi alifariki. Nilikuwepo mazikoni." Mwandiko wa mtu mwingine angeweza kuubishia. Wake mwenyewe aliuamini. Aliendelea kuuliza, lakini sasa alikuwa anauliza daftari.

Kumbukumbu ziko za namna nyingi, na hili ndilo linalowadanganya watu wengi, hasa wenye pikipiki. Mkanada mmoja aitwaye Kent Cochrane alianguka na pikipiki mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 30. Mwanasaikolojia Endel Tulving na wenzake walimchunguza kwa miaka mingi. Alijua kucheza sataranji, alijua habari za dunia, lakini hakuweza kukumbuka tukio hata moja la maisha yake mwenyewe, hata treni yenye kemikali iliyoanguka Mississauga mwaka 1979, ambapo yeye na watu zaidi ya 200,000 walihamishwa majumbani. Alibaki hivyo mpaka alipofariki mwaka 2014. Wa kwetu wengi hawafiki huko. Lakini fundisho ni lile lile: mikono ina kumbukumbu yake, na matukio yana yake.

Mpwa wangu, mwezi wa pili, alitoka nje akaiwasha pikipiki ya rafiki yake, akazunguka mtaa, akarudi salama. Kijiwe kizima kikashangilia. Bosi wa pikipiki akaanza kuulizia hesabu. Dada yangu karibu akubali. Nikamwomba rafiki yake apande nyuma kama abiria, mchana, kwenye njia tupu, amwambie "nipeleke barabara ya kumi na mbili." Walipofika katikati ya njia kijana aligeuka akauliza, "Tunakwenda wapi vile?" Jaribio lile, nakiri, lilikuwa la kijinga. Nisingelirudia, na wewe usilifanye. Kuendesha alijua, tatizo ni kushika mambo mawili kwa pamoja. Na kuna jingine zito zaidi: aliyeumia kichwa vibaya anaweza kupata kifafa, wiki au hata miaka baadaye. Kifafa juu ya pikipiki ni ajali ya pili, na safari hii kuna abiria. Ruhusa ya kurudi barabarani itoke kwa daktari. Kijiwe kingoje.

Daftari nililolitaja si la kuandika kumbukumbu za kupendeza. Ni chombo cha kazi. Nunua kaunta buku dogo, lifunge kwa kamba, likae mahali pamoja tu, kama ni msumari mlangoni basi msumari mlangoni. Kila asubuhi: siku, tarehe, atakayekuja, dawa. Kila jioni: yaliyotokea, mistari miwili mitatu. Funguo kwenye msumari wake, simu kwenye bakuli lake, na wenye nyumba mkome kupanga upya sebule kila Ijumaa.

Kisha kuna mtego wa saa. Bahasha ya duka la dawa imeandikwa 1x3, simu inaonyesha 19:00, mama anasema saa moja. Sisi tunageuza saa za Kizungu kuwa za Kiswahili bila kufikiri, lakini kwa ubongo uliojeruhiwa ile ni hesabu, na hesabu inachosha. Kidonge cha jioni tulikiandika kwa maneno ya nyumbani: "Kidonge kimoja baada ya adhana ya Magharibi." Adhana haihitaji kugeuzwa. Na kama ni dawa za kifafa, zisikatishwe ghafla kwa sababu yoyote, hata Ramadhani. Mwulize daktari kwanza, na mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Sala pia ilimpa tabu, alikuwa akipotea kwenye rakaa. Akawa anasali nyuma ya imamu msikitini, wengine wakimhesabia bila kujua.

Usingizi, hapo sitakuwa na maneno mengi: alale. Pombe, bangi na mirungi vikae mbali. Uchovu wake si uvivu. Saa moja ya mazungumzo inaweza kumlaza mchana kutwa.

Zipo dalili zisizongoja ushauri wa makala. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika tena na tena, usingizi usioamshika, mboni moja kubwa kuliko nyingine, degedege, udhaifu wa upande mmoja, maji maji puani au sikioni: hapo ni hospitali ya Bombo, usiku huo huo. Kwa wazee muwe macho zaidi. Mzee anaweza kuanguka bafuni, akaonekana mzima, kisha wiki tatu baadaye akaanza kusahau, kuchanganya majina na kuyumba. Watu watasema uzee. Inaweza kuwa damu iliyojikusanya polepole chini ya fuvu, na hiyo madaktari wa upasuaji wa ubongo, kama wale wa Taasisi ya Mifupa (MOI) pale Muhimbili au wa KCMC Moshi, wanaweza kuitoa. Kusahau kwa namna hiyo kunatibika, ndiyo maana inasikitisha kunapofichwa kwa neno uzee.

Kuhusu waganga nitasema wazi. Jina la mtaa wetu linawakumbusha wasomaji utenzi ule wa Swifa ya Nguvumali wa Hasani bin Ismail, uliochapwa Oxford mwaka 1968, juu ya mganga maarufu wa kufichua wachawi. Sidai mtaa ulipewa jina lake. Kwetu pia walikuja watu kusema kijana kachezewa, kwamba si gari lililomgonga. Dua na kombe havina ugomvi na hospitali, alivipata vyote. Lakini mafusho ya kumziba pumzi, ngoma ya kumkesha usiku kucha, na dawa za kunywa zisizojulikana juu ya vidonge vya kifafa, hivyo tulivikataa. Ubongo unaotafuta usingizi haupigiwi ngoma. Na zaidi ya hayo, akishaambiwa kuna adui aliyemroga, kijana asiyekumbuka atawekewa adui ghalani, na huyo hatamsahau.

Mambo ya karatasi. Hakikisheni fomu ya polisi, PF3, ipo na nakala yake, na vyeti vyote vya hospitali viko kwenye bahasha moja. Mgonjwa asitie saini wala dole gumba kwenye maelezo ya ajali ambayo haikumbuki. Kusema "sikumbuki" ni jibu halali mbele ya polisi na mbele ya bima. Msimsimulie ajali kila siku pia. Baada ya mwezi ataanza kuieleza kama aliyeiona, na ushahidi wake utakuwa ni wenu. Mashahidi waliokuwepo waandikwe majina mapema. Kuuza kiwanja, kukopa, kuandikiana mkataba wa pikipiki, vyote vingoje, kwa kuwa sheria ya mikataba inataka mtu mwenye akili timamu wakati wa kukubaliana. Pesa ya matibabu ikiwaishia, mwoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hamjauza kitu.

Na simu! Wote tunazijua zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii." Sisi tunazifuta. Mtu ambaye hajui kama anadaiwa au hadaiwi, ataituma. Mpwa wangu alituma shilingi elfu arobaini kwa mtu asiyemjua, kwa heshima zote, akaomba na radhi kwa kuchelewa. Tangu hapo namba ya siri anayo mama yake, na kijana anabaki na fedha ya matumizi ya siku mfukoni.

Dada yangu alikonda kuliko mgonjwa. Nilimwona mara moja amekaa uani na sufuria imeungua, analia kwa sababu ameulizwa jambo moja mara ishirini. Jamaa wanaokuja na machungwa wangemsaidia zaidi wangekaa na kijana Jumamosi moja kuanzia asubuhi hadi alasiri, mama akalale. Maendeleo makubwa huonekana miezi sita ya kwanza, kisha huenda polepole, mwaka, miaka miwili. Huwezi kumwuguza mtu miaka miwili kwa mikono miwili.

Leo mpwa wangu anatengeneza baiskeli, kazi isiyoisha katika mji huu. Kila baiskeli ina karatasi iliyofungwa kwenye usukani: jina la mwenyewe, kinachotengenezwa, bei waliyopatana. Wateja wengine hawajui kwamba ana tatizo, wanadhani ni mtu wa utaratibu. Ajali yenyewe haikumbuki, na tumeacha kumuuliza.

Kama una mgonjwa wa namna hii nyumbani, leo kabla ya kulala chukua karatasi, andika kwa herufi kubwa siku na tarehe ya kesho, na neno "Uko nyumbani, Nguvumali," au mtaa wenu wowote. Ibandike mahali atakapoiona akifumbua macho. Kesho usiku ibadilishe.